Rampu ya Kufanyia Mtihani

Siku niliyojiunga na chuo cha ufundi, meneja alinipokea langoni na kunipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha sweta. Hakuniuliza nimekuja kusomea nini. Alikitazama kiti changu cha magurudumu, akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mtoto wa jirani, akaanza kunisukuma kabla sijamwambia kwamba mikono yangu ni mizima.

Ndani ya chumba kile nilikuta ulemavu wa Meru nzima umekusanywa. Kulikuwa na kijana wa magongo, wasichana wawili viziwi waliokuwa wakisengenya watu kwa vidole mchana kutwa, jamaa mmoja asiyeona, na mwingine mwenye mkono mmoja ambaye alikuwa amekalishwa mbele ya mashine ya kufuma inayotaka mikono miwili. Wote walikuwa wanafuma sweta za shule. Mgeni angefikiri ulemavu ni baridi, na dawa yake ni sweta.

"Hapa utakuwa comfortable," meneja akaniambia. "Hakuna stress."

"Mimi nilikuja kusomea welding."

Alicheka kwa upole, akangoja nicheke naye. Sikucheka. Basi akaniinamia, akapunguza sauti kama mtu anayetoa siri ya nyumba. "Welding iko na cheche. Zitakuchoma miguu, na wewe hata hutasikia."

"Na sindano za mashine zitanichoma vidole, na hizo nitasikia."

Nilikuwa na mdomo hata wakati huo, nashukuru Mungu. Miguu yangu iliacha kazi nikiwa mdogo. Siongezi neno, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza kila mtu huniuliza, na wengine hutaka kujua hata jina la daktari. Nilichokuwa nacho kichwani kilihusu chuma. Kiti changu kilikuwa kinakatika kila mara kwa sababu barabara za kwetu Kibirichia si za magurudumu madogo, na kila kikikatika mama alinipeleka Makutano kwa mafundi wa kuchomelea. Walikuwa wananikalisha juu ya jerikeni, wanakipindua kiti na kukichomelea pale pale kando ya lami huku malori yakitupigia honi. Nilitazama vile moto mdogo unavyofanya vipande viwili kuwa kimoja. Nilitazama pia vile wanavyofanya vibaya, wakiharakisha, kisha kiti kinakatika palepale wiki ijayo. Nikajiambia hii kazi naiweza, tena nitawashinda hawa. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa namna ile.

Meneja alinipeleka kwa mwalimu wa uchomeleaji ili mwalimu ndiye anikataze. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Alinitazama, akatazama mlango wa karakana yake, akasema, "Mimi sina shida. Akifika kwa benchi, atasoma."

Akifika kwa benchi. Karakana ilijengwa mahali penye mteremko, na kwa vile mvua ya kwetu haina adabu, waliinua sakafu juu ili maji yasiingie. Mbele ya mlango kulikuwa na ngazi, vidato virefu vya mawe. Maji hayakuingia kamwe, na mimi pia sikuingia.

Hapo meneja akapata wazo, na tumtendee haki, lilikuwa wazo zuri. Chuo kilikuwa na darasa la uashi. Darasa la uashi lilihitaji kazi ya mazoezi. Basi lijenge rampu, ule mteremko wa kupandishia magurudumu, mbele ya karakana. Vijana wa uashi walipanga bloku, wakajaza kokoto, wakapaka niru laini ya simiti juu ikang'aa. Mwalimu wao akaja na pimamaji, akatoa maksi. Nikapanda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nikaingia karakana, nikashika rodi ya kuchomelea kwa mara ya kwanza. Sikumbuki kufurahi vile tena.

Jioni nilipotoka, rampu haikuwepo.

Inafaa nieleze desturi ya waashi, kwa sababu bila kuijua utadhani walinichukia. Katika chuo kile, kinachojengwa kwa mafunzo hubomolewa. Udongo wa kushikanisha bloku huwa mchanga na tope, bila simiti, isipokuwa ile niru nyembamba ya juu ya kufurahisha macho. Kazi ikishatiwa maksi, wanabomoa siku hiyo hiyo, wanakwangua bloku, wanazipanga ukutani zingoje zamu nyingine. Kuta, nguzo, jiko, tangi la maji, vyote hujengwa na kubomolewa, kujengwa na kubomolewa. Hakuna aliyefikiri kwamba rampu ni tofauti na ukuta. Nilipomlalamikia kiongozi wa darasa lao, kijana wa Makutano mwenye Kiswahili cha stage ya matatu, alinishangaa kwa moyo mweupe.

"Siz, hizo bloku ni za practical. Tukiziacha hapo, wasee watasomea nini?"

"Na mimi nitasomea wapi?"

"Tutakujengea ingine, usijali. Tena hiyo ingine itakuwa kali kuliko hii."

Naye hakuwa mwongo. Walinijengea nyingine, na nyingine, na nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Sidhani kuna chuo katika nchi hii kilichojenga rampu nyingi kuliko chetu, na hakikuwa na hata moja. Wageni wakija, ipo. Wageni wakiondoka, imebomolewa. Picha za rampu zetu zilikuwa zimebandikwa ofisini, mimi nikiwa juu ya kila moja nimevaa gauni tofauti.

Siku ambazo hakuna rampu, nilibebwa. Wanafunzi wenzangu wanne walinishika na kiti changu, mmoja kila pembe, wakinipandisha huku wakibishana nani amelegeza, kama watu wanaohamisha kabati. Wakiwa na haraka walinisahau. Wakiwa wamekasirikiana, hakuna aliyetaka kushika pembe karibu na mwenziwe, na mimi nilibaki chini kwenye umande, nikisoma kupitia dirishani. Mwalimu alikuwa akiniinulia vipande vya kazi ya wenzangu dirishani nione mshono wa chuma, na mimi nikiwa nje nasema huu umeunguza, huu haujashika. Walinichukia kidogo kwa hilo. Siku nyingine alinivutia waya wa mashine hadi nje, nikafanyia mazoezi uani mpaka mvua inifukuze.

Meneja naye aliendelea kutufunza lugha. Alitoka kwenye semina moja mjini akakusanya chuo kizima. "Kuanzia leo, hapa hatusemi walemavu," akatangaza. "Tunasema watu wanaoishi na ulemavu." Tukapiga makofi. Mimi sikuwa na neno na mafundisho yale. Nilikuwa naishi nao kweli, chini ya ngazi.

Mtihani ukakaribia. Huu ndio ule wa serikali, ambao ukiupita unaitwa fundi mbele ya sheria na unaweza kufungua kibanda chako mahali popote. Sharti lilikuwa moja, kwamba kazi ifanywe ndani ya karakana tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yenyewe ilikuwa geti dogo la bati nzito lenye fremu ya chuma na vyuma vya kukaza nyuma. Kila mtahiniwa hujiletea vifaa, na kazi ikishapata maksi huwa ni yake. Mama alikuwa amemaliza kuvuna waru, viazi vyetu vya mlimani. Badala ya kununua koti alilolisema mwaka mzima, alininunulia chuma.

"Fanya geti, mwari," akaniambia. "Boma ya ng'ombe imekuwa ya kufunga na kamba mpaka lini? Hiyo utafanya, mimi nitafunga nayo."

Ndugu zake mama walikuwa wameshamwambia anatupa mali. Kwao, mtoto wa kiti cha magurudumu ni wa kuombewa kanisani, na akipona ndipo afikiriwe mambo ya kazi. Nikianguka mtihani, yeye ndiye angesikia masimango yao. Na zaidi ya hapo, meneja aliniita akanipa habari ambayo yeye aliiona ya faraja: amezungumza na wahusika, na kama ya welding itanishinda, nitafanya mtihani wa sweta siku hiyo hiyo.

"Tumekuwekea kiti," akasema.

"Nina kiti," nikamjibu. Nikajiendesha kutoka ofisini.

Siku ya mtihani ilipambazuka na ukungu ule wetu wa kukata masikio. Gari moja lilileta watahini wawili. Wa uashi alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi. Wa uchomeleaji alikuwa mwembamba, ametoka Embu, upande wa Kibugu, na alitembea akigusagusa kila chuma alichokiona, hata vitasa vya milango. Alinyoosha moja kwa moja hadi karakana, akaita majina, na wenzangu wakaingia.

Mbele ya mlango kulikuwa na rampu mpya. Kwa kweli ilikuwa nzuri kupita zote. Vijana wa uashi walikuwa wameijenga kama kazi yao ya mtihani, na yule kiongozi wao alikuwa amepiga magoti akimalizia niru kwa mwiko, taratibu, kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mgonjwa. Nikasogea.

"Zi, zi, zi!" akaruka mbele yangu. "Siz, usikanyage. Bado haijamarkiwa."

"Mtihani wangu umeanza!"

"Hata wangu. Ukipitisha hizo tairi hapa, mimi nimeenda nyumbani."

Nikawaita wenzangu waje wanibebe. Wawili walitokeza mlangoni. Meneja, aliyekuwa amevaa suti, akawarudisha kwa mkono. "Leo hakuna kubeba mtu," akasema. "Wageni watatuonaje? Leo tuko na rampu."

Nilikaa pale chini na barakoa yangu ya kuchomelea mapajani. Ndani nilisikia misumeno ikikata chuma, kisha mashine ya kwanza ikawaka. Mtahini wa uashi alikuwa ofisini anakunywa chai na maandazi. Nilimtuma mtu amwite, akajibu kwamba kazi ya niru haifai kuharakishwa. Nililia kidogo, sitaficha. Kisha nikaacha, kwa sababu machozi na barakoa ya kuchomelea haviendi pamoja.

Hatimaye akaja. Akalaza pimamaji, akarudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Hii ni ya nini?" akamuuliza kijana.

"Rampu, sir. Ya watu wanaoishi na ulemavu."

"Vizuri. Na wako wapi?"

Kijana alinitazama mimi, kisha akamtazama mtahini. Hakujua kama lile ni swali la mtihani. Mtahini akageuka, akaniona nimekaa karibu na kiwiko chake.

"Oh. Pole, dada. Wewe si uko kwa sweta?"

"Naomba upige maksi," nikasema. "Tafadhali. Piga tu."

Akapiga. Nikapanda nikiacha alama mbili za matairi kwenye niru mbichi, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema afadhali maksi zimeshaingia.

Yule wa Kibugu alinitazama nikiingia. Alitazama saa, akatazama mlango, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii chuma yako iko wapi?" Nikamwonyesha. "Basi kata," akasema.

Nikakata. Nilifanya kazi kama mtu anayezima moto. Wenzangu walikuwa mbele, lakini mimi nilikuwa nimelichora geti lile kichwani mara nyingi nilipokuwa chini ya dirisha, na mikono ilijua pa kwenda. Fremu ikakaa sawa. Bati ikalala. Kengele ya chakula ilipolia, wenzangu walikuwa wamemaliza, mimi nimebakisha vyuma vya kukaza. Mtahini akasema niendelee, atakuja kuitia maksi akishakula. Akaondoka na wote. Wageni walikuwa wameandaliwa mbuzi, na kama ingekuwa kuku au hata maharagwe, karakana ingebaki na mtu, lakini kwa mbuzi hakuna aliyebaki.

Nikamaliza. Nikagonga gaga lililoganda juu ya mishono, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikalitazama. Lilikuwa zuri. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijaenda haja tangu alfajiri, na mwili ukanikumbusha kwa nguvu zote. Nikajiendesha hadi mlangoni.

Rampu haikuwepo. Bloku zilikuwa zimepangwa ukutani, zimekwanguliwa safi, na mahali pale pamefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Hakuna kazi waliyoifanya kwa bidii kama ile.

Niliita. Kutoka ukumbini nilisikia mchungaji akiombea chakula. Mchungaji wetu huanza na mbuzi, akapitia wageni na safari zao, magari yao, familia zao walizoziacha, viongozi wa kaunti, mvua, na wagonjwa waliolazwa. Niliita tena. Alikuwa bado kwa viongozi wa kaunti.

Basi nikajua mambo ni mawili. Ningekaa pale mlangoni na kujichafua, wageni watoke kwenye mbuzi waje wanikute hivyo, na tangu siku hiyo hakuna mtu angenikumbuka kwa jambo jingine. Au ningeshuka. Na kitu pekee cha kushukia kilikuwa nyuma yangu, kirefu cha kutosha, kipana kupita kiti changu, nacho kilikuwa bado hakijatiwa maksi. Geti likipinda, nimeanguka mtihani. Mshono ukiachia, nimeanguka mtihani na mimi mwenyewe nimeanguka. Kule nyumbani mama angesikia ya ndugu zake.

Nilimkasirikia kila mtu kwa mpigo: waashi, meneja, mchungaji, mbuzi. Kisha nikajiuliza swali la kifundi. Kama geti hili haliwezi kunishika mimi, litamzuiaje ng'ombe wa mama?

Nikalifunga kwa mnyororo nyuma ya kiti, nikalikokota hadi mlangoni, nikalisukuma upande mmoja ukashuka chini na mwingine ukabaki kizingitini, vyuma vya kukaza vikiwa upande wa chini. Nikageuza kiti, nikashika fremu ya mlango, nikarudi kinyumenyume. Bati ililia mara moja chini ya magurudumu ya nyuma. Nikasimama katikati yake, nimefumba macho, nikisikiliza kama kuna mshono unaolia. Hakuna uliolia. Nikashuka hadi ardhini, nikakimbilia chooni. Choo ndicho kitu pekee pale chenye rampu ya kudumu, kwa sababu wafadhili walikijenga wao wenyewe kabla hawajatuzoea.

Niliporudi, wote walikuwa wamesimama mbele ya karakana, mafuta ya mbuzi midomoni. Meneja alikuwa ameshika kichwa.

"Umekanyaga mtihani!" akanipigia kelele. "Kazi ya serikali umeitupa chini, umeipitia na matairi! Mimi nilikuambia, si nilikuambia? Sweta!"

Mdomo wangu wote ule ulikuwa umeisha. Mtahini wa Kibugu alimpita meneja. Alipanda juu ya geti, akasimama katikati, akaruka. Akaruka tena. Kisha akamwita mwenzake wa uashi.

"Njoo hapa. Wewe ni mzito."

"Nimekula."

"Ndio maana nakuita."

Wakasimama wawili juu ya geti langu, tai zikipepea, yule mnene akishika bega la mwenziwe kwa hofu. Geti halikusema neno. Yule mwembamba akashuka, akalala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini, akapitisha kidole kwenye mshono mmoja baada ya mwingine. Alikaa huko muda mrefu. Nilimwona soli za viatu tu.

Akatoka, akajifuta vumbi. "Hii nimemark," akasema. Kisha akanigeukia mimi, si meneja. "Fundi, ondoa kazi yako kwa njia. Watu wapite."

Sikuweza kuondoa chochote wakati huo. Niliweka barakoa usoni, ingawa hakukuwa na moto popote.

Jioni mama alikuja na pikapu ya jirani, ile inayobeba waru. Vijana wa uashi ndio waliolipakia geti, bila kuombwa. Mama aliligonga kwa ngumi, akalisukuma kwa goti, akaniambia kwa Kimeru maneno ambayo nitabaki nayo mwenyewe. Ndipo meneja akaja mbio, sauti imebadilika kabisa, laini kama siku ile ya kwanza langoni.

"Lakini si mngetuachia hiyo?" akasema. "Inatoshea hapo mlangoni vizuri sana. Hata wageni wameipenda. Itasaidia wale wengine watakaokuja, watu wanaoishi na ulemavu."

Mama alinitazama, akangoja. Geti lilikuwa lake na kazi ilikuwa yangu.

"Agiza," nikamwambia meneja. "Fundi unamjua."